Zamu ya Kuwa Bora

Kutus,
3 Februari 2025

Kwako Tata Phyllis, shangazi yangu,

Salamu nyingi kutoka huku chini kwenye joto. Mimi ni mzima, ila nimeungua shingo kama mtalii. Nimesikia kwa Baba kwamba ng'ombe wako amezaa ndama jike na umempa jina langu. Asante, ingawa Baba anasema ndama mwenyewe ni mkaidi na hanyonyi akiambiwa. Mwambie Baba blanketi lilifika, lakini Kutus hakuna baridi ya kulitumia, kwa hiyo nimelitundika dirishani liwe pazia.

Ningekupigia, lakini simu ukiipokea jikoni kwako inapokelewa na nyumba nzima. Na ni wewe uliyetufundisha kwamba jambo zito huandikwa. Basi naliandika.

Unajua kazi tunayofanya hapa Gunia Tek. Tunatengeneza programu ya simu ili mkulima wa kahawa au mpunga akipima gunia lake aone kilo zake hapo hapo, bila kungoja karani amalize chai. Sehemu ya kupima niliiandika mimi. Nilidhani kazi ndiyo hiyo. Kumbe kila baada ya miezi miwili tunapimana sisi wenyewe! Kwenye timu tuko wanne: mimi, Kabura anayepokea simu za wakulima, Reema wa hesabu ambaye kwao wana duka la vyuma Kerugoya, na Ben, ambaye meza yake imepakana na yangu na ambaye kazi yake bado naichunguza. Kila mmoja anawapa wenzake alama, moja hadi tano, kwa siri, na chini anaandika maoni bila jina. Bosi wetu, Bwana Wamae, anajumlisha na kugawanya. Anasema wenzako ndio wanaokujua.

Nimepata mbili nukta saba.

Maoni ni haya, neno kwa neno. "Kazi iko sawa lakini ndengu yake inanuka ofisi yote." "Hacheki mtu akitoa jouku." "Ako na haraka, hujamaliza kuuliza na yeye amejibu." Kuhusu programu niliyoitoa jasho miezi mitano, kimya. Ben amepata nne nukta saba. Ben huleta mandazi.

Tata, mimi bado niko kwenye majaribio. Alama itakayoangaliwa ni ya Septemba. Nikifika nne, naandikwa kazi ya kudumu. Nisipofika, nafunga virago na kurudi kuokota mayai ya Baba. Na kazi hii naipenda, sitakudanganya. Ni kitu cha kwanza maishani nilichokishika nikaona mikono yangu inajua.

Nifanye nini?

Murugi wako


Wamagana,
20 Februari 2025

Murugi wa Kingori,

Barua yako imefika ikiwa imelowa nyanya, kwa sababu Waweru akishauza karoti zetu huko Kutus hurudi na makreti ya nyanya na barua huiweka chini kabisa. Tuko wazima. Ndama ananyonya sasa. Baba yako anakohoa kidogo lakini hataki kuambiwa, na jirani yetu mama Waweru anakusalimu na kuuliza utaolewa lini. Nimemjibu kwa niaba yako na hatauliza tena.

Sasa hiyo habari ya kupimana. Mami, mwanangu, hayo mambo mimi niliyajaribu ukiwa hujazaliwa. Nilikuwa na darasa la sita, nimechoka kusahihisha, nikawaambia wabadilishane vitabu wasahihishiane. Darasa zima likapata kumi kwa kumi, isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa amemnyima jirani yake muwa. Huyo alipata sifuri, na majibu yake yalikuwa sahihi yote. Sasa wewe ndiye yule kijana. Uligawa muwa? Hukugawa. Ulikaa hapo ukijua majibu.

Kwa hiyo nakutumia nduma na Waweru. Wagawie. Na uache ndengu kwa muda.

Tena nashangaa watu wasomi wanashindwa na jambo dogo hivi. Kwenye kikundi chetu cha Alhamisi, ambacho nimekuwa mwenyekiti wake tangu kianze na hakuna mwanamke hata mmoja aliyewahi kulalamika, hatuulizani nani anastahili. Ni zamu. Leo sote tunambebea huyu michango, mwezi ujao tunambebea yule. Hata mvivu ana siku yake.

(Waweru, kama umefungua na kufika hapa, mrudishie mama yako sufuria yake.)

Tata wako,
Phyllis


Kutus,
6 Aprili 2025

Tata mpendwa,

Mvua imefika huko? Huku inanyesha mpaka vyura wanaingia ofisini bila kitambulisho. Mimi mzima. Pole na kikohozi cha Baba.

Nduma zilifika mbichi, na udongo wake wote, na hapa ofisini hatuna hata jiko. Nilizigawa hivyo hivyo, kila meza tatu. Kabura akaniuliza, "Na hii ni ya nini? Ati unataka nikuongezee maksi?" Nikasema hapana. Akazitia kwa mkoba, mdomo bado ameukunja. Reema alizipeleka kwao, mama yake akazikaanga kwa pilipili na ndimu, akazileta kesho yake kwenye bakuli, na tangu siku hiyo mimi na Reema tunakula pamoja. Ben alikula za Reema.

Basi tukiwa kwenye bakuli hilo, nikawaeleza lile neno lako la zamu. Nilisema kama mzaha tu. Kabura akaacha kutafuna.

"Hebu rudia," akasema.

Nikarudia. Ben akapiga meza. "Wacha! Kwani si ni sisi tunapeana hizo maksi? Mbona tunaumizana?"

Reema aliuliza kama ni halali, na Kabura alikuwa tayari anakata vikaratasi. Tulipiga kura kwenye kofia ya Ben. Yeye akatoka wa kwanza, Kabura wa pili, Reema wa tatu, mimi wa nne. Piga hesabu, Tata! Machi, Mei, Julai, Septemba! Wa nne ni Septemba! Nilitaka kuikumbatia ile kofia. Utaratibu ni kwamba mwenye zamu anapewa tano na kila mtu, na wengine tunapeana tatu tatu, bosi asishtuke.

Machi tulimbebea Ben. Alipata tano kamili. Bwana Wamae alipiga makofi, akabandika picha yake mlangoni, akamfanya kiongozi wa timu na kumnunulia kiti kinachozunguka chenye pahali pa kuegemeza kichwa. Mimi nimepata tatu, na nimeambiwa tabia yangu inabadilika.

Umeniokoa, Tata. Sasa ni kungoja tu.

Murugi


Wamagana,
27 Aprili 2025

Mami,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, mbele ya ng'ombe. Tunaendelea vizuri. Baba yako amekubali kunywa dawa baada ya mimi kuificha kwenye uji. Kabichi zimefunga. Yule ndama mwenye jina lako amekula kamba yake.

Hiyo ndiyo haki! Watu hudhani haki ni kila mtu kupata anachostahili. Hapo nani angebaki? Haki ni kila mtu kuijua siku yake na kuingoja ametulia. Nimefurahi kwamba kitu kilichoanzia kwenye sebule yangu sasa kiko kwenye kompyuta.

Na wewe pia umenipa wazo. Kuna mwanachama wetu anaitwa Wachuka, nimewahi kukueleza habari zake. Alijiunga juzi juzi na tayari ana mapendekezo. Ati tununue hema na viti tukodishe kwa harusi. Nikisema neno moja, yeye ana mawili. Nimeona tupimane sisi pia, kwa siri, moja hadi tano na maoni chini, kama nyinyi wa ofisi, ili kila mtu ajue anapokaa. Hasa yeye. Tunafanya Alhamisi ijayo.

Mimi mwenyewe sina wasiwasi. Nitakuandikia matokeo.

Tata Phyllis


Kutus,
8 Juni 2025

Tata,

Salamu kwenu nyote. Naandika kwa haraka na kwa hasira, kwa hiyo nisamehe nikiacha watu bila kuwasalimu.

Mei ilikuwa zamu ya Kabura. Mimi nilimpa tano. Reema alimpa tano. Kabura alikuja kazini amesuka nywele mpya kwa ajili ya picha ya mlangoni. Matokeo yakatoka: tatu nukta saba. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kujua kilichotokea. Ben alimpa moja!

Tulimwendea. Alijiegemeza kwenye kile kiti, akazunguka nusu, akasema, "Sasa mimi ni lida. Siwezi peana maksi ya urongo. Niko na dhamiri." Hiyo dhamiri haikuwapo kabla ya kiti. Anachoogopa ni kwamba Kabura akipata tano, bosi atamfanya yeye kiongozi.

Kabura hali chakula. Na mimi nimekaa hapa napiga hesabu. Septemba, hata Reema na Kabura wakinipa tano tano, Ben akinipa moja ni kumi na moja gawanya kwa tatu, na sifiki nne. Tata, nyinyi mnamfanyia nini mtu aliyekula zamu yake kisha akaacha kuwatolea wenzake? Nijibu upesi.

Na mlipimana? Wachuka alipata ngapi? Hukuniandikia.

Murugi


Kutus,
27 Julai 2025

Tata,

Wiki saba na hakuna barua. Waweru anasema hukumpa kitu. Nikimuuliza kama uko mzima anasema "ako sawa" halafu anaangalia karoti zake.

Julai ilikuwa zamu ya Reema. Ben amempa moja pia.

Baba aliniambia kwa simu kwamba siku hizi Alhamisi unashinda shambani. Kikao mmekihamisha?

Nijibu, tafadhali.

Murugi


Wamagana,
14 Agosti 2025

Murugi,

Sote tuko sawa. Nilichelewa kwa sababu ya kabichi. Kabichi za mwaka huu zinahitaji mtu kuwa nazo karibu, hasa Alhamisi.

Uliuliza kuhusu mtu anayekula na kuruka. Sisi hatumpeleki kwa chifu. Tunakwenda kwake mchana, wote, tunaimba tangu njiani ili majirani watoke, tunaingia na kuchukua kitu kinachoonekana. Sufuria kubwa, kochi, jogoo, chochote ambacho kisipokuwapo mgeni atauliza kiko wapi. Hatutukani mtu. Hata tukipewa chai tunakunywa. Halafu tunaondoka nacho, na mwenyewe anakuja na miguu yake kutengeneza mambo. Haijawahi kukosa.

Huyo Ben ana nini kinachoonekana?

Kuhusu Wachuka sina la kusema.

Tata


Kutus,
30 Agosti 2025

Mpendwa Tata,

Natumaini kabichi zimepona. Keti chini kabla ya kuendelea.

Juzi saa nne, wakati wa chai, tulimwendea Ben. Kabura alikuwa mbele kwa sababu ndiye mwenye kidonda. Tulikuwa tumekubaliana kuchukua kikombe chake tu, kile chenye picha ya timu yake ya mpira. Lakini Kabura akaanza kuimba, na ule wimbo wa kwenda kwa mtu ukishaanza huwezi kurudi na kikombe.

"Toka kwa hiyo kiti," Kabura akasema.

"Hii kiti ni ya ofisi!"

"Ni ya zamu. Ulikula ukaruka."

Ben akashika meza kwa mikono miwili. Tulipovuta, meza nayo ikaanza kuja. Reema, ambaye hajawahi kwenda kwa mtu kuimba maishani mwake, akamfungua vidole kimoja kimoja, kwa adabu kabisa, akisema, "Samahani, Ben. Samahani, Ben." Kile kiti kina magurudumu, Tata. Tulimsukuma akiwa amekikalia, andazi mkononi, tukapita na yeye kwenye ukumbi tukatokea barazani, mbele ya soko lote la Kutus.

Wamama wa nyanya walituangalia mara moja wakaelewa. Hakuna aliyeuliza tunafanya nini. Mmoja aliuliza tu, "Alikula zamu ya ngapi?" Kabura akamwambia ya kwanza. Yule mama akajifunga leso kiunoni, akaacha nyanya zake, akaja kusukuma. Wakajaa. Wakaimba sauti ya pili, ambayo sisi hatukuwa nayo. Ben akaanza kuomba aongezewe wiki mbili za kulipa.

Hapo ndipo Bwana Wamae aliposhuka kwenye gari lake.

"Huyu amefanya nini?" akauliza.

"Amekula akaruka," mama wa nyanya akamjibu.

"Amekula nini?"

Sote tukageuka kuangalia nyanya, wimbo ukakatika. Lakini Reema hajui kuficha kitu, ni kama uongo unamwasha ngozi. "Maksi, bosi," akasema. "Alikula maksi."

Tuliitwa kwenye chumba cha mikutano. Yule mama wa nyanya aliingia pia, akakaa, akakataa kutoka mpaka aone mwisho. Bwana Wamae aliuliza ni wazo la nani. Nikasema ni langu. Sikukutaja, usiogope. Nilisema ni utaratibu wa kwetu. Akasema tangu siku moja alipotupeleka kwenye michezo ya kuvuta kamba ili tupendane, alama zetu zilipanda, na yeye aliandika ripoti Nairobi kwamba ni ile kamba. "Mliniacha niandike kamba," akasema. Nilimwona anataka kucheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Ameamua hivi. Septemba hakuna siri. Kila mtu atasimama, amtazame mwenzake usoni, ataje alama na sababu. "Na ile nne yako, Murugi," akasema, "bado ni nne."

Tata, naogopa. Sijui kama umewahi kuniona naogopa. Ben atasimama mbele yangu, mimi niliyemtembeza sokoni kama bidhaa, na aulizwe nastahili ngapi. Nimeanza kuangalia masanduku ya kupakia vitu vyangu.

Murugi


Wamagana,
8 Septemba 2025

Mami,

Tuko sawa, salamu baadaye.

Mpe Ben tano. Mtazame usoni, tabasamu, sema tano, ongeza kwamba ni kijana mzuri mwenye heshima. Mtu aliyepewa tano mbele ya watu hana uso wa kurudisha moja. Usiniletee mambo ya ukweli. Ukweli utausema ukishaandikwa kazi. Fanya mazoezi mbele ya kioo.

Nakuombea kila asubuhi. Usipofika nne nitakuja huko mwenyewe.

Tata


Kutus,
28 Septemba 2025

Tata Phyllis,

Ni matumaini yangu kwamba unakula vizuri na kwamba yule ndama sasa anasikia. Msalimie Baba. Nitakueleza yote tangu mwanzo, usiruke kwenda chini.

Tulisimama kwenye chumba kile cha mikutano, madirisha yamefunguliwa kwa sababu ya joto. Bwana Wamae alisema mwenye wazo la zamu ndiye atakayeanza, kwa hiyo nikaanza mimi. Reema nilimpa tano na sikuwa na kazi ya kueleza. Kabura nilimpa nne, nikasema akikasirika yeye, mkulima upande wa pili wa simu naye hukasirika. Akaguna, lakini akatikisa kichwa kukubali.

Kisha nikamgeukia Ben. Tata, nilikuwa nimefanya mazoezi. Kioo changu ni shahidi. Nilitabasamu vile vile ulivyosema, nikafungua mdomo nitoe tano, na mdomo ukatoa mbili.

Nilijaribu kuirudisha lakini sababu zilikuwa zimeshaanza kuifuata. Nikasema, "Mbili, kwa sababu Juni wakulima wa Gakindu walisimama na kahawa yao kwenye mvua, simu zimekataa kupima, na marekebisho nilikuwa nimekupea Jumatatu uyatume kwa simu zao. Ulikaa nayo mpaka Alhamisi. Kabura akatukanwa kwa niaba yako siku nne. Na hiyo mbili, moja ni ya mandazi."

Nilikaa chini nikijua nimejimaliza. Nilianza kupanga kichwani blanketi la Baba litaingia kwenye sanduku lipi.

Reema alinipa tano. Alisema, "Anajibu haraka, lakini anajibu sawa." Kabura alinusa hewa kwanza. "Kazi ningempea tano," akasema, "lakini ndengu imerudi. Nne."

Ben akasimama. Hakuwa na andazi, hakuwa na kicheko. Alisema, "Mimi niko na meza karibu na huyu. Kazi yake naiona. Ni tano, hakuna mahali ningetoa hata moja. Lakini roho yake ni moja. Alinisukuma mpaka kwa soko. Mama yangu alipigiwa simu. Sasa tano na moja ni sita, gawanya na mbili. Andikeni tatu."

Tano, nne, tatu. Bwana Wamae alijumlisha, akagawanya, akagawanya tena kwa simu. Nne kamili. Siyo nukta juu, siyo nukta chini.

Nililia, Tata. Nililia kama mtoto mbele ya watu watatu na bosi. Nilimwendea Ben nikamwomba msamaha kwa ajili ya soko, kisha nikamshukuru. Akasema, "Msamaha sawa. Lakini usinishukuru, hiyo ni hesabu." Yeye alipata mbili kwa wastani, na si kiongozi tena. Kiongozi hatuna kwa sasa, na kazi inaenda vizuri.

Barua ya kazi ya kudumu nimeitia sahihi Ijumaa. Lakini nikilala ninayoikumbuka ni ile tatu ya Ben. Nilikuwa nimejipangia tano za kubebwa, zote, na hakuna hata moja ambayo ningeiamini.

Sasa nimemaliza yangu yote, mpaka ndengu. Baba aliponyokwa kwenye simu kwamba kikao cha Alhamisi siku hizi kinaendeshwa na Wachuka. Tata, mlipopimana, wewe ulipata ngapi?

Ukinijibu kuhusu kabichi nitamuuliza Waweru.

Murugi wako, mwajiriwa wa kudumu


Wamagana,
Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Murugi mwanangu,

Nilipofika kwenye nne kamili nilipiga kelele mpaka baba yako akatoka na panga akidhani ni mwizi wa kuku. Amefurahi, ingawa hataki kuonekana. Amemwambia kila mtu Wamagana kwamba ulipata "nne kwa nne", na mimi sikumsahihisha.

Hukunisikiliza kuhusu Ben. Nimekasirika kidogo na nimejivuna sana.

Sasa yangu. Nilipata mbili.

Nilikuwa nimekusanya karatasi mimi mwenyewe, nikazisoma mimi mwenyewe kwa sauti, kwa sababu nilijua nitasoma habari za Wachuka. Wachuka alipata nne na zaidi. Mimi maoni yangu yalikuwa ya namna moja, kutoka kwa wanawake ambao nimewazikia waume zao na kuwafundishia watoto. "Hatupi nafasi ya kuongea." "Kikao kinaisha na yeye bado." "Tukiomba anatusahihisha." Hilo la mwisho ni kweli, lakini mtu hawezi kumwambia Mungu "kitabu yangu" nami nikae kimya! Nilizisoma zote mpaka mwisho, nikafunga kikao kwa sala, nikaja nyumbani, nikalia zizini. Tangu hapo sikurudi. Uliponiandikia uchungu wako, nikawa nakushauri kama mtu mzima mwenye kazi yake, na mimi nimejificha kwenye kabichi.

Barua yako ilinipa nguvu. Alhamisi iliyopita nilikwenda. Nilisimama nikawaambia, haya, hakuna karatasi, hakuna siri, kila mtu anitazame usoni anipe alama, kama ofisini kwa Murugi. Wakatazamana. Wa kwanza akasema tano. Wa pili tano. Wote tano, mami, mpaka yule ambaye mwandiko wake naujua kwa sababu nilimfundisha mimi! Wachuka akasema, "Tano, na kama iko nyingine juu, muongeze." Kisha wakanipa chai na kipande kikubwa cha keki.

Leo nimekwenda tena. Nilikaa nyuma nusu saa nzima bila kusema neno, na nilidhani nitapasuka. Wachuka anaendesha kikao vizuri, na unisamehe kwa kukuandikia hivyo. Hema wamenunua.

Lakini sasa sina amani. Kwa karatasi ni mbili, kwa mdomo ni tano, na wanawake ni wale wale. Nani ataniambia mimi ni nani? Baba yako nimemuuliza, akasema "sawa tu" na kwenda kufunga kuku. Umebaki wewe. Wewe unanijua tangu ukiwa mgongoni kwangu, na umeonyesha kwamba mdomo wako haujui kudanganya hata ukifanya mazoezi.

Kwa hiyo nipime, Murugi, moja hadi tano, na sababu. Nataka kweli tupu. Usinionee haya, usiniogope, usinihurumie kwa sababu ya umri.

Lakini tafadhali, mami, usishuke chini ya nne.

Tata wako,
Phyllis